Chupa Niliyoifunga Kileleni

Wazee wangu, shikamooni. Wagumu wa mlimani, poleni na mizigo. Chupa hii mnayoiona imebonyea hivi, hakuna aliyeikalia. Nilimalizia maji yake pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, nikakaza kifuniko, nikaitia begini. Kuja kuitoa hapa mjini Moshi, naikuta imenywea kama shavu la kibogoyo.

Tumezoea kuwaambia wageni, "Juu kule hakuna oksijeni." Mimi mwenyewe nimeyasema hayo miaka mingi, wakaniamini. Si kweli. Chota hewa ya hapa, chota na ya kileleni, ondoa mvuke, upime: nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1. Hapa na kule ni yale yale. Kilichopungua ni hewa yenyewe.

Hewa ina uzito jamani, na ya chini imelaliwa na yote iliyo juu yake, kama gunia la chini kwenye lundo la mahindi. Pwani, kila sentimita moja ya mraba imebeba kama kilo moja ya hewa. Kiganja changu hiki, basi, zaidi ya kilo mia! Hakiendi chini kwa kuwa hewa inakisukuma kutoka chini vilevile. Kileleni mzigo huo umebaki nusu, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina nusu ya oksijeni uliyoizoea. "Pole pole" yetu ina kazi hiyo: mwili upate siku za kujifunza kuhema zaidi na kuanza kuongeza chembe nyekundu za damu.

Wapishi wa kambi ya Kibo wanalijua hili kuliko sisi wa ubaoni. Mita 4,700 na ushee, maji yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi. Sufuria inatokota kwa fujo, maharage bado mawe.

Kaboni dioksidi sijaitaja kwa sababu ni kidogo mno, asilimia 0.04. Kwenye chupa ya lita moja haijai hata robo ya kifuniko. Lakini hiyo, pamoja na mvuke, ndiyo blanketi letu. Bila gesi za namna hiyo, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake.

Haya, chupa hii ina hewa nyepesi ya kileleni, na hewa nzito ya hapa ndiyo iliyoibonyeza. Kaeni kimya kidogo, naifungua. Mmesikia hiyo "fyuu"? Hewa ya Moshi inaingia.