Sitara ya Daktari Barry

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nafurahi kuona viti vimejaa, ingawa najua nusu yenu mmefuata kahawa na kashata. Si neno, kaeni.

Mwaka 1859, hapa hapa Unguja, Sayyid Barghash bin Said alizingirwa nyumbani kwake. Alikuwa na njama ya kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, na njama ikavuja. Askari wa Kibaluchi wakauzunguka mlango. Jioni moja dada zake, Bibi Chole na Bibi Salme, wakaja na msafara wa wanawake. Wakamtaka mkuu wa askari, wakasema naye wenyewe, ana kwa ana. Binti za Sultani kusema na askari njiani! Yule bwana alitahayari hata hakujua aweke wapi macho, akawapisha waingie. Walipotoka, msafara ulikuwa umeongezeka. Barghash alikuwa katikati, amejitanda shela, hakionekani kitu ila macho, na wanawake warefu wamewekwa ubavuni mwake ili kimo chake kisimsaliti. Askari wakasogea kando kwa adabu. Haya aliyaandika Salme mwenyewe baadaye, alipokwisha kuwa Emily Ruete huko Ujerumani, na kitabu kikatoka mwaka 1886. Na huyo aliyepita amejifunika ndiye aliyekuja kuwa Sultani mwaka 1870 na kutujengea Beit el Ajaib.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: zile nguo peke yake zisingemfikisha hata kwenye kona ya kichochoro. Kilichompitisha ni kwamba hakuna askari aliyethubutu kumkazia macho mwanamke wa nyumba ile. Kiswahili kina neno zuri kwa hilo, sitara. Nguo ni sitara, ukuta ni sitara, na heshima ya watu wengine nayo ni sitara.

Barghash alijisitiri saa chache tu. Mtu niliyekuja kumzungumzia leo, Daktari James Barry wa jeshi la Uingereza, alijisitiri miaka 56.

Kwanza niseme neno kuhusu lugha. Waandishi wa Kiingereza wakifika kwa Daktari James Barry hukwama kwenye sentensi ya kwanza, maana lugha yao inawashika shingo: taja ni wa kiume au wa kike, ndipo uendelee. Mimi nasema alizaliwa, alisoma, aligombana, alikufa, na sijamsaliti mtu. Nitakuwa nikimwita Daktari Barry, kwa kuwa ndilo jina alilotia saini tangu ujana hadi kaburini. Kuna wanaomhesabu kuwa mwanamke aliyevaa uanaume ili apate kazi, na kuna wanaosema aliyeishi mwanamume miaka yote hiyo ni mwanamume, basi. Hiyo kesi waiamue wao. Mimi leo nawatazama zaidi waliomzunguka.

Alizaliwa Cork, Ireland, karibu mwaka 1789, akaitwa Margaret Anne Bulkley. Baba alifilisika, akafungwa kwa madeni. Pesa za nyumba zilikuwa zimeishia kwa kaka mtu, John, aliyeanza kusomea sheria akaitupa. Margaret alimwandikia kaka yake barua ya kumkaripia, na ndani yake mna maneno haya: kama nisingekuwa msichana, ningekuwa askari. Binti wa miaka ishirini hivi, mkali kama pilipili kichaa.

Mama akamchukua bintiye, wakaenda London kwa mjomba, mchoraji James Barry, mtu mwenye jina kubwa na hasira kubwa zaidi. Mjomba akafa mwaka 1806. Akaacha fedha kidogo, na akaacha marafiki, nao ndio waliokuwa mali hasa. Mmoja ni Jenerali Francisco de Miranda, mwanamapinduzi wa Venezuela, aliyekuwa na maktaba kubwa London. Mwingine ni Lodi Buchan wa Scotland, aliyeamini kuwa wasichana wasomeshwe. Mpango ulipikwa hapo: binti akasomee udaktari Edinburgh kwa sura ya mvulana, kisha aende Venezuela, ambako Miranda angemruhusu kufanya kazi jinsi alivyo.

Novemba 1809 mama na mwana wakapanda chombo kwenda kaskazini. Aliyeshuka ni Bwana James Barry, na mama yake sasa ni shangazi yake. Tunayo barua aliyomwandikia wakili wa familia, Daniel Reardon. Anasema ilimfaa sana Bibi Bulkley, shangazi yangu, kuwa na bwana wa kumwangalia melini. Mimi nikiisoma nacheka peke yangu. Ana siku chache tu katika nguo hizo na tayari anajisifu kwa uanaume wake.

Pale chuoni walimshuku. Walishuku umri! Hana ndevu, sauti nyembamba, umbo la mtoto. Wakubwa wa chuo wakaona huyu bado mdogo, asifanye mtihani wa mwisho. Lodi Buchan akaingilia kati, na mwaka 1812 akatoka na shahada ya udaktari. Tazameni mambo yalivyo. Walimwona vizuri kabisa, kila alama waliiona. Ila kichwani mwao mwanamke daktari hakuwa na mahali pa kukaa, kwa hiyo macho yaliona mvulana.

Mwaka huo huo Miranda alikamatwa, akafia gerezani Hispania mwaka 1816, na Venezuela ikafa naye. Barry akabaki na shahada ya mwanamume na hana pa kuivulia koti. Akaingia jeshini mwaka 1813, na mwaka 1816 akatua Cape Town.

Hapo Cape ndipo kazi yake ilipong'aa. Gavana, Lodi Charles Somerset, alimpenda, akamfanya daktari wa nyumba yake, na mwaka 1822 akampa ukaguzi wa tiba wa koloni zima. Barry akawafuata wauza dawa wasio na leseni. Akaingia magerezani, akaingia kwa wagonjwa wa ukoma, akaandika ripoti za kuchoma: wapewe chakula cha maana, waogeshwe, watendewe kama binadamu. Yeye mwenyewe hakula nyama, alikunywa maziwa ya mbuzi, na alitembea na kijibwa chake Psyche na upanga uliokaribia kumzidi urefu. Alitukana wakubwa kwa maandishi. Alipigana duweli ya bastola na Josias Cloete, afisa wa Gavana, na baadaye wakawa marafiki.

Sasa fikirini. Mtu mwenye siri kama ile, mimi na wewe tungemshauri atulie, ajikunyate, asionekane. Barry alifanya kinyume. Aligombana na kila mtu, na nadhani ugomvi ule ulikuwa kanzu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mtu anayekungojea akuaibishe mbele ya watu, humkaribii ukamtazama kidevu.

Mwaka 1824 lilibandikwa tangazo mjini Cape Town likidai kuwa Gavana na daktari wake wana uhusiano wa kimwili, mwanamume kwa mwanamume. Lilikuwa kosa la kunyongwa enzi hizo. Zawadi ikatangazwa kwa atakayemtaja mbandikaji, uchunguzi ukafanywa, hakupatikana. Yaani mji mzima ulimjadili Barry na mambo yake ya faragha, hadharani, na bado hakuna aliyegonga pale penyewe.

Miaka miwili baadaye, Julai 1826, aliitwa usiku kwa Bibi Munnik. Uchungu umekwama, mtoto hatoki. Barry akampasua. Nusukaputi haikuwapo, etha ilikuja kutumika miaka ishirini mbele. Katika upasuaji wa namna hiyo Ulaya, mama kupona lilikuwa jambo la nadra mno. Huyu alipona, na mtoto akaishi, akaitwa James Barry Munnik. Jina likarithishwa katika ubatizo, hadi akalibeba J. B. M. Hertzog, waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1924 hadi 1939. Hizo herufi tatu ndizo hizo: James Barry Munnik.

Vitabu vingi husema huo ndio upasuaji wa kwanza Afrika ambamo mama na mtoto walipona wote. Hapo naomba tusimame kidogo. Mwaka 1879 Robert Felkin, naye mtu wa Edinburgh, alishuhudia upasuaji huo huo Bunyoro, Uganda ya leo. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, mama naye alikuwa amenyweshwa pombe hiyo, jeraha likafungwa kwa pini za chuma na kamba ya magome, likapakwa dawa. Siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Felkin aliona wazi kuwa kazi ile haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa na utaratibu wa siku nyingi. Kwa hiyo Barry tumsifu, lakini neno "wa kwanza" tulitumie kwa hadhari tukikumbuka wakunga ambao hawakuandikiwa ripoti.

(Ndiyo, mama, nimekuona. Maswali nitayapokea mwisho.)

Niwape mfano wa mtu asiye na cheo, mpime wenyewe. Jeanne Baret, Mfaransa wa mashambani, alipanda meli ya msafara wa Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia, akiwa amevaa kiume, kama mtumishi wa mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson. Commerson alikuwa mgonjwa wa mguu, na mizigo ya majani na vyombo Jeanne ndiye aliyeibeba milimani. Yale maua ya bogenvilia kwenye nyua zenu yalikusanywa na wawili hao huko Rio de Janeiro. Ila mabaharia walimshuku mapema, wakamwandama, mpaka akajitetea kuwa yeye ni towashi. Mwaka 1768, Tahiti, mambo yakawa wazi. Wakamalizia safari yao Mauritius, na Commerson akafia huko. Baret hakuwa mjinga kuliko Barry. Lakini mtumishi kila mtu humtazama anavyotaka.

Barry alizunguka: Mauritius, Jamaica, St Helena, Malta, Corfu, Kanada, hadi kufikia cheo cha Inspekta Jenerali wa Hospitali. Wakati wa vita vya Crimea alikutana na Florence Nightingale, yule muuguzi mashuhuri, akamkaripia akiwa juu ya farasi, bibi wa watu amesimamishwa juani mbele ya askari na watumishi. Nightingale hakusahau. Miaka mingi baadaye aliandika kuwa hakupata kukutana na kiumbe mwenye roho ngumu kama yule, na katika maandishi hayo anachanganya kiwakilishi cha kiume na cha kike kwa mtu yule yule. Nilijaribu kukitafsiri kipande hicho nikashindwa. Mchafuko wote ule wa kichwa cha Nightingale ukigeuzwa Kiswahili unatoweka, inabaki "a" moja tu.

Barry alifariki London tarehe 25 Julai 1865, kwa kuhara. Inasimuliwa kuwa aliagiza azikwe na nguo alizofia, asioshwe. Akaoshwa. Aliyemwosha ni Sophia Bishop, na alipokosa malipo aliyoyataka akamwendea Daktari McKinnon, aliyekuwa ametia saini cheti cha kifo, akamwambia: wewe daktari gani, maiti ni ya mwanamke, na amewahi kuzaa.

Kwetu mwosha maiti ana mwiko wake. Alichokiona kitandani kinafukiwa pamoja na ufuo. Nami nikisoma habari za Sophia Bishop hukasirika kwanza, halafu nakumbuka kuwa alikuwa fukara anayedai ujira wake, hasira hupungua. Hazimaliziki.

Karani mkuu wa vizazi na vifo, George Graham, akamwandikia McKinnon kuuliza. McKinnon akajibu kuwa alimfahamu Barry miaka mingi, na kwamba haikuwa kazi yake kujua kama Daktari Barry alikuwa wa kiume au wa kike. Wengine humcheka. Mimi naona ndilo jibu pekee la kiungwana katika kisa chote.

Miezi miwili baada ya kifo hicho, Septemba 1865, Elizabeth Garrett akapata leseni ya udaktari London kwa jina lake la kike, na wenye kutoa leseni wakabadili kanuni haraka asije akapita mwingine.

Na uthibitisho kwamba Barry ndiye yule Margaret? Ulikuwa juu ya ile barua ya shangazi na melini. Ndani imesainiwa James Barry. Nje, wakili Reardon, mtu wa mafaili, aliandika kwa mkono wake aliyeituma: Binti Bulkley, 14 Desemba. Ikakaa hivyo karibu miaka mia mbili mpaka daktari mpasuaji wa Afrika Kusini, Michael du Preez, alipoigeuza upande wa pili.

Amebaki mtu mmoja nisiyemtoa akilini. Barry alikuwa na mtumishi Mweusi kutoka Jamaica, aliyekaa naye miaka mingi. Inasimuliwa kuwa kila asubuhi alimwandalia taulo za kujazia mabega na kiuno. Kama ni hivyo, Graham alimwandikia mtu asiye sahihi. Baada ya maziko mtumishi huyo alirudishwa Jamaica, na katika karatasi zote zilizobaki hakuna ukurasa hata mmoja ambamo mtu amemketisha chini akamuuliza.

Haya, mama, sasa. Ulikuwa na swali.