Chonchón: mchawi arukaye usiku kusini mwa Chile

Haya wapendwa, hamjambo huko nyumbani? Leo niko Temuco, kusini mwa Chile, nchi ya Wamapuche, wenyeji wa asili wa huku. Mmeniomba sana niwaeleze habari za yule kiumbe wa usiku, basi sogeeni karibu.

Jina lake ni chonchón. Wengi huku humwita tué-tué, maana ndivyo anavyolia akipita juu ya paa: tué, tué, tué. Ni kichwa cha mtu kinachoruka, masikio yamepanuka yakawa mabawa. Lakini msidhani ni jini. Ni kalku, mchawi, mtu wa hapahapa kijijini. Usiku anajipaka dawa shingoni, kichwa kinachomoka, kiwiliwili kinabaki nyumbani, kichwa kinakwenda kutafuta wagonjwa wa kuwanyonya. Sauti ile ikisikika karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu wanaanza kuogopa msiba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukimsikia, wazee husema, usimtukane. Mwambie tu: njoo kesho nikupe chumvi. Asubuhi hodi inapigwa, kuna mtu mlangoni anaomba chumvi kidogo. Ndiye huyo! Anaweza kuwa jirani mnayesalimiana kila siku, na sasa mnatazamana usoni, chumvi iko mkononi mwako. Mabawa hayanitishi hata kidogo. Kinachonitisha ni ile hodi.

Yuko pia piuchén, nyoka arukaye, anayejigeuza maumbo na kufyonza damu ya kondoo. Huyo anayemuweza ni machi.

Na hapa ndugu zangu naomba tuelewane. Machi ni mganga, mara nyingi mwanamke. Anatibu kwa miti shamba, kwa maombi na kwa ngoma yake iitwayo kultrun. Kalku anaroga, machi anaponya. Wamisionari wa Kihispania waliwaweka wote kapu moja, wakamwita machi mtumishi wa shetani. Sisi tunajua uchungu wa jambo hilo, waganga wetu nao waliitwa wachawi na wageni. Kwa hiyo kwenye maoni hapo chini, tafadhali, mtu asiniandikie machi ni mchawi. Inaniuma kweli.

Video ijayo nitawaeleza michoro ya kultrun: ngozi yake hugawanywa sehemu nne, na kila sehemu ina maana yake. Kama una swali kuhusu ngoma hiyo, liandike sasa nijiandae.