Mtu wa Kimara na Minara Yake

Ndugu zangu wanafunzi, na wahandisi wenzangu, habari za asubuhi.

Wengi wenu mmekuja kwa mwendokasi au daladala. Pale Ubungo ulitoa simu, ukurasa ukagoma kufunguka, na abiria wa pembeni akasema, "Leo mtandao unasumbua." Mara nyingi mnara wa simu hauna ubovu wowote. Umeelemewa na watu.

Mnara una masafa, yaani njia za redio za kupitishia mawasiliano, ya kiasi fulani tu, na simu zote zilizo chini yake zinagawana hayohayo. Mdenmaki A. K. Erlang alichapisha hesabu za msongamano wa simu mwaka 1909, na misingi yake tungali tunaitumia. Lakini simu za enzi zake zilikuwa za waya, hazitoki nyumbani. Za leo zinapanda basi. Tangu saa 12 asubuhi watu wa Mbezi na Kimara wanamiminika katikati ya jiji, Kariakoo na Posta, jioni wanarudi. Basi refu la mwendokasi likipita, simu zaidi ya mia zinahama mnara kwa mara moja, na mnara wa mbele usipokuwa na nafasi ya kuzipokea, mazungumzo yanakatika.

Bahati nzuri, binadamu ana mazoea. Mwaka 2010 watafiti Chaoming Song, Albert-László Barabási na wenzao walichambua kumbukumbu za simu za watu 50,000, wakaona kwamba safari za mtu zinaweza kutabirika, kinadharia, kwa asilimia 93. Ukijua umati utakuwa wapi jioni, unawasha masafa ya ziada Kimara kabla haujafika, na usiku unazima baadhi ya masafa ya Posta ili kuokoa umeme.

Hilo ni jepesi. Mimi nawaomba mwitazame siku ya mvua.

Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa. Programu ya kompyuta ya kutabiri umati, iliyofundishwa kwa Jumatatu za kawaida, itawasubiri watu Kariakoo, kumbe wamekwama Magomeni, na kila mmoja anapiga nyumbani. Siku hiyo ndiyo mama anamtafuta mwanawe! Mazoea peke yake hayatoshi. Tazameni minara inavyopokezana simu kwa dakika 15 zilizopita: zinazovuka kutoka Magomeni kwenda Jangwani zikipungua ghafla, barabara imeziba, hata kama hakuna aliyetoa taarifa. Hapo unaisaidia Magomeni mara moja, unasukuma baadhi ya simu kwenye minara jirani isiyo na kazi nyingi.

Na angalieni: katika hesabu hii yote sikuhitaji kujua nani yumo ndani ya basi. Nimehitaji idadi tu. Nalisema kwa uzito, kwa sababu kufuta majina hakutoshi. Mtafiti Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walionyesha mwaka 2013, kwa kumbukumbu za watu milioni 1.5, kwamba nukta nne za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, safari ya mtu kwenda hospitali au msikitini si mali ya mhandisi. Jumlisheni kwanza, palepale kwenye mnara, kisha mtume jumla.

Haya, chukueni kalamu. Tuanze na Magomeni, saa 11 jioni, mvua inanyesha.