Kuomba chuo kwa simu baada ya kidato cha sita

Assalaam alaykum wadogo zangu. Nipo Chake Chake, Pemba, barazani kwetu, na simu hii niliyoishika ndiyo tutakayoombea chuo. Kompyuta si lazima.

Usianze na jina la chuo. Najua kuna aliyekwishasema "mimi SUZA tu", yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Subiri kidogo. Ingia tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, upakue kitabu cha mwongozo cha mwaka huu, kile cha waliomaliza kidato cha sita. Faili lenyewe zito, kwa hiyo hakikisha una bando.

Ukishalifungua, tafuta kozi yako usome masomo inayoyataka. Sasa shika kalamu: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa shahada, angalau masomo mawili kwa jumla yafikishe pointi 4. Tuseme una Jiografia B, Biolojia C, Kemia D. Ukijumlisha B na C unapata 7, roho inakunjuka, unataka udaktari. Lakini udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Fizikia huna, basi hiyo 7 haikufai kitu hapo. Rudi kitabuni, utafute zinazotaka Biolojia na Kemia. Angalia na kampasi pia, maana kozi ya SUZA yaweza kuwa Unguja, ukajikuta unahesabu nauli ya boti.

Haya, majina. Toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, uviweke pamoja hivi. Soma herufi kwa herufi. Mimi skuli waliniandika Hamis, cha kuzaliwa kinasema Khamis. K moja tu hiyo! Nilizunguka wiki nzima kwa ajili yake, na mama ananiuliza kila jioni, "Bado tu?" Ukiona tofauti, anza kushughulikia leo, usingoje matokeo.

Maombi yenyewe hayapelekwi TCU. Unaingia tovuti ya chuo, unajisajili kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unalipa ada ya maombi, unajaza kozi. Ile unayoitaka hasa iweke ya kwanza. Omba na chuo cha pili, ikibidi cha tatu.

Hapa kwenye namba ya simu nisikilizeni vizuri. Weka yako, si ya kijana wa steshenari aliyekusaidia kujaza. Ukichaguliwa vyuo viwili, itabidi uthibitishe kimoja kwa namba ya siri, na hiyo huja kwa ujumbe wa simu. Ikienda kwake naye kalala, siku zinakwisha. Ukiipata, ingia kwenye akaunti yako ya chuo ulichokichagua, iandike, bonyeza thibitisha, kisha piga picha ya kioo uihifadhi.

Mkopo una bodi yake hapa Zanzibar na fomu zake. Hizo tutazijaza video ijayo.