Mavyaa na Kijana wa Kura za Maoni

DEO: Karibuni tena, mimi Deo niko Maryland hapa Marekani, dada Zuhura yuko Erie kule Pennsylvania kama kawaida. Leo tumepanga mambo matatu: kujiandikisha na chama, kura za mchujo za kuchagua wagombea wa vyama, halafu runinga zinavyotangaza uchaguzi. Ila dada ulinitumia ile voisi juzi...

ZUHURA: Deo lazima nianze na hiyo! Jumanne niko jikoni, simu ya mezani yalia, namba siijui, nkaiacha. Mavyaa kaiwahi. Wajua yeye hawezi kuona simu yalia isipokewe.

DEO: Bi Mkubwa namfahamu, na wasikilizaji wanamfahamu.

ZUHURA: Kumbe ni mtu wa kura za maoni, wale wapigao simu kuuliza watu watamchagua nani. Kijana kamuuliza umejiandikisha kupiga kura, Mavyaa akamwambia la mwanangu, mie mgeni hapa nimekuja kuona wajukuu. Sasa hapo kijana alikuwa aage, maana asiyepiga kura hawamtaki, lakini Mavyaa kamshika, kwenu wapi, mama hajambo, umekula?

DEO: (anacheka) Amemuuliza amekula!

ZUHURA: Na hakuwa amekula! Saa moja usiku kijana yuko kwenye simu tangu mchana, watu wamkatia tu. Mavyaa akaniletea simu kwa huruma, akanambia mjibu mwana wa watu apate kwenda kula. Nkajibu yote, dakika ishirini na kitu.

DEO: Yaani Bi Mkubwa ni dhahabu kwa hao watu, sikia hii. Pew, wale wa utafiti, mwaka 1997 wakipiga simu walikuwa wanapata majibu kwa asilimia 36, kufika 2018 ikawa 6. Sita dada! Angekuwa raia wangemtafuta kila wiki.

ZUHURA: Hapa kwetu kila wiki ndivyo walivyo. Kaunti yetu ya Erie 2012 ilimpa Obama, 2016 Trump, 2020 Biden, 2024 Trump tena. Kila mara yageuka, ndiyo maana simu hazikomi.

DEO: Mimi tangu nipate uraia sijapigiwa hata moja. Maryland kwenye urais ni ya chama cha Democrat tangu 1992, nani apoteze hela kuniuliza? Na hata wakinipigia sijibu.

ZUHURA: Hujibu kwa nini?

DEO: Kwa sababu zile namba zinakula uchaguzi wote. Washa runinga wiki mbili kabla ya kura, fulani kapanda pointi mbili, fulani kashuka, mtu hajaambiwa bima yake ya afya itakuwaje. Agosti 2015 runinga ya Fox News walichagua wagombea kumi wa chama cha Republican wa kupanda jukwaa kuu la mdahalo kwa kutumia hizo hizo kura za maoni, kabla hata raia mmoja hajapiga kura ya mchujo. Hiyo mimi siikubali.

ZUHURA: Sasa Deo, ukinyamaza watapima bila wewe. 2016 tatizo lilikuwa hilo, wasomi wa chuo kikuu wapenda kujibu simu, wasiosoma sana hawajibu, na kura nyingi za maoni za majimboni hazikusawazisha hilo. Basi Wisconsin, Michigan na hapa Pennsylvania zilisema Clinton wa Democrat yuko mbele, watu wakapigwa na butwaa, na Trump alishinda majimbo yote matatu kwa kura kama elfu 78 tu ukizijumlisha.

DEO: Si ndiyo nakwambia haziaminiki!

ZUHURA: Za nchi nzima zilikuwa karibu. Zilisema Clinton anaongoza kwa kama pointi tatu, akapata mbili, ila urais wenu si wa jumla ya kura, wahesabiwa jimbo kwa jimbo.

DEO: Wenu? Wewe si raia?

ZUHURA: (anacheka) Wetu, haya. Lakini nisikize, hapa Erie kuna Wakongo wengi tu sasa, wengine washapata uraia, ile simu huja kwa Kiingereza, labda Kihispania. Wao hawahesabiwi. Mwanasiasa akiangalia chati yake hawaoni.

DEO: Basi umenisaidia mimi hapo, kipimo kimeshawaacha nje, wewe kujibu kunawasaidia nini? Utawasemea? Wewe umetoka Mombasa, ni nesi, una nyumba yako.

ZUHURA: Siwasemei, najaza nafasi yangu.

DEO: Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza Landon wa Republican atashinda urais, Rais Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Watu wote hao walijaza nafasi zao dada.

ZUHURA: Kwa sababu majina waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari! Na wasiompenda Roosevelt ndio waliojitahidi kurudisha. Hiyo yanisaidia mie, si wewe. Asiyeulizwa na asiyejibu wote hawaonekani.

DEO: Wataonekana siku ya kura.

ZUHURA: Siku ya kura ni moja, na sera zapangwa mwaka mzima kwa hizo namba.

DEO: Mimi sijibu.

ZUHURA: Na mie n'tajibu kila ikilia.

DEO: Aisee tumebakiza dakika mbili na hatujagusa hata moja ya yale matatu.

ZUHURA: Wacha basi, sema la mchujo tu.

DEO: Haraka haraka, Pennsylvania na Maryland mchujo wa chama ni wa waliojiandikisha na chama hicho tu, ukijiandikisha bila chama huwezi kumchagua mgombea wa Democrat wala wa Republican, kwa hiyo angalieni usajili wenu mapema. Runinga na mengine wiki ijayo.