Kulabu ya Lazima Ikaguliwe Mlangoni

Mlionisikia kabla mnajua naanzia wapi: soketi za Linux (ncha ambazo programu huwasiliana kupitia kwazo), Agosti 2009. Naieleza tena kwa sababu draiva mpya, yaani programu za kuendesha vifaa, bado zinaandikwa vilevile.

Jedwali la operesheni za soketi lilikuwa na kulabu ya sendpage, ya kutuma ukurasa wa kumbukumbu. Kulabu ni nafasi ya pointa: anwani ya kitendo ambacho kerneli, kiini cha mfumo, itakiita. Ilikubaliwa kila itifaki iijaze. Isiyo na uwezo huo iweke kitendo mbadala, sock_no_sendpage. Kwa hiyo sock_sendpage, msimbo wa kerneli wenye kuitumia kulabu hiyo, iliiita pointa papo hapo, bila kuuliza. Sawa, lakini nani alikagua kama kweli zimejazwa? Hakuna! Itifaki kadhaa ziliiacha tupu, kerneli ikarukia anwani sifuri, na mtumiaji wa kawaida aliyefaulu kuweka msimbo wake hapo akapata mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Kosa lilikuwamo tangu toleo la 2.4.4, mwaka 2001. Miaka minane kila mtu anaamini mwenzake amejaza!

Marekebisho yaliupitisha mwito kwenye kernel_sendpage, iliyotazama kwanza kama kulabu ipo, na isipokuwapo ikashika njia nyingine. Yaani kulabu ikatangazwa kuwa ya hiari, mahali pamoja, waziwazi.

Sasa mtaniambia: basi tuweke if kila mahali (kulabu ikiwapo iite, isipokuwapo iruke), yaishe. Hapana, jamani! Chukueni kulabu ya kusimamisha DMA, yaani kifaa kuandika chenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kabla kumbukumbu haijaachiliwa. Ikikosekana nawe ukairuka kimyakimya, kifaa kitaendelea kuandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kupewa mwingine. Hiyo if imeficha kosa, na atakayelitafuta atahangaika wiki nzima mahali pasipo nalo. Kulabu ya lazima ikaguliwe mlangoni, wakati draiva inajisajili kwenye kerneli. Mfumo wa Linux wa saa za vifaa hufanya hivyo: ukileta set_rate (kuweka kasi ya saa) bila recalc_rate (kuikokotoa kasi hiyo), unarudishwa na -EINVAL, kosa la ingizo batili. Mwandishi wa draiva analiona kosa akiwa bado mezani kwake.

Ya hiari nayo iwe na maana inapokosekana. Faili isiyo na open hufunguka tu. Isiyo na ioctl, kulabu ya amri maalumu za kifaa, hujibu -ENOTTY, yaani amri hiyo haifai hapa. Andikeni maana hiyo kando ya jedwali.

Gharama ya kuita kupitia pointa tangu Spectre, udhaifu wa vichakataji uliotangazwa 2018, sitaigusa, muda umekwisha, someni static_call, njia ya kerneli ya kuipunguza. Na aliyeuliza kuhusu moduli zilizoandikwa nje ya msimbo rasmi: nazo zinapita kwenye usajili uleule.