Kiazi, chumvi na maji ya bomba: ione osmosisi kwa macho yako

Haya vijana wangu wa kidato cha pili na nyie mnaorudia mtihani, karibuni tena jikoni kwangu hapa Mwanza, leo hatuchori duara tukaandika "seli" halafu basi, tunaiona osmosisi yenyewe, yaani maji kupenya utando wa seli kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi.

Tafuta kiazi mviringo kimoja kibichi, narudia KIBICHI, maana ukikichemsha tando za seli zinaharibika na hapo hakuna tena kinachochuja chochote. Menya, kata vipande viwili kama chipsi, kila kimoja sentimita 5, pima na rula usikadirie.

Glasi mbili, zote maji ya bomba, ambayo huku kwetu ni ya ziwa tu yaliyosafishwa. Moja tia chumvi vijiko viwili vya chai, koroga mpaka iyeyuke. Alafu weka alama! Mimi mara ya kwanza sikuweka, mdogo wangu akazisogeza, ikabidi nionje ndo nijue ipi ni ipi, nyumbani sawa ila maabara usithubutu.

Tumbukiza kipande kimoja kila glasi, acha saa zima.

Tukiwa tunasubiri: utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wake nanomita 7 mpaka 10 hivi. Oksijeni na kaboni dioksaidi zinajipenyeza tu. Glukozi na chumvi hapo kwenye mafuta zinagonga mwamba, mpaka zipate milango ya protini. Maji nayo yana vijimfereji vyake vinaitwa akwaporini, Peter Agre ndo alivigundua akapewa Nobel ya kemia 2003.

Haya toa vipande, usipime kwanza, shika. Cha maji matupu kimekaza, ukikikunja kinavunjika ka! Cha chumvi ona hiki, kinapinda kama mpira, nakizungusha kwenye kidole kabisa. Sasa pima, kimefupika pia. Maji yametoka ndani ya seli yakafuata chumvi nje, na hakuna aliyeyakamua. Kama umewahi kupita soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba ukaona kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, unajua ninachosema, sangara akishapakwa chumvi maji yanachuruzika yenyewe.

Sasa hapa ndo wengi mnapigwa kwenye mtihani. Sato aliye hai humu ziwani yuko kinyume, damu yake ina chumvi kuliko maji anayoogelea, kwa hiyo maji yanamwingia muda wote kupitia matamvua, anakojoa mkojo mwingi mwepesi kuyatoa, na huku chumvi yake inavuja. Kuirudisha sio osmosisi wala difyusheni (vitu kusambaa vyenyewe kutoka vilipo vingi kwenda vilipo vichache), maana anaitoa ilipo kidogo anaipeleka ilipo nyingi, hiyo ni aktivu transpoti na inakula ATP, yaani nishati ya seli. Maji kuingia bure, chumvi kurudi analipia. Ukiona swali limetaja nishati, usiandike osmosisi, nakuomba.

Kile kipande kilicholegea usikitupe. Kisuuze, kirudishe kwenye maji matupu, nusu saa nyingine kiguse tena, utakuta kimeanza kukaza. Kikibaki legelege basi chumvi ulizidisha na seli zimeshakufa, chukua kiazi kingine punguza kijiko kimoja.